Lile kaunta buku

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya karibu miezi miwili. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kalamu, na mmoja akauliza kama nimepata kazi serikalini (hahaa!). Hapana. Kuna jambo nilikuwa nataka kuliandika, na kila nikikaa nalo linanishinda. Leo naliandika hivyo hivyo. Likitoka limepinda mtanisamehe.

Mwezi Mei mwaka jana nilikuwa Berlin, Ujerumani, kwa mafunzo ya wiki sita ya waandishi wa habari. Jumapili moja tukapelekwa kutembea mjini, tukafika kwenye uwanja unaoitwa Bebelplatz, kando ya jengo la opera. Uwanja wenyewe ni mawe tu. Ila katikati kuna kioo kimelazwa chini, usawa wa miguu. Ukiinama ukachungulia unaona chumba cheupe chini ya ardhi, kina rafu nyeupe kila upande, na rafu zote ni tupu. Hakuna hata kitabu kimoja. Ni kumbukumbu iliyotengenezwa na msanii Micha Ullman na kuwekwa pale mwaka 1995. Rafu zile zingetosha vitabu kama 20,000, kwa kukumbuka vile vilivyochomwa juu yake usiku wa tarehe 10 Mei, 1933.

Picha za moto ule nilikuwa nimeziona mara nyingi. Chuoni zilikuwa kwenye somo la uhuru wa habari, na maelezo yake huwa ni yale yale: Wanazi wakichoma vitabu. Vitabu gani? Sikuwahi kuuliza, na mwalimu hakuwahi kusema. Niliweka kichwani kwamba ni vitabu vya siasa na vya waandishi wa Kiyahudi, nikajibu mtihani, nikapata B.

Kijana aliyekuwa akitutembeza akatuambia kwamba shehena kubwa ya vitabu vile ilitoka kwenye nyumba moja eneo la Tiergarten, si mbali na pale. Ilikuwa taasisi ya elimu ya jinsia, iliyofunguliwa mwaka 1919 na daktari mmoja Myahudi, Magnus Hirschfeld. Huko walikuwa wakienda watu wa kila aina, na miongoni mwao wanawake waliozaliwa wakaitwa wavulana. (Kwa Kiswahili bado hatujakubaliana tuwaite nini. Wengine wanasema transi. Mimi nitasema hivyo nilivyosema. Ni kurefu, lakini hakumtukani mtu.) Wengine walikwenda kutibiwa, wengine walipewa kazi mle mle ndani. Na walikuwa wakiandika. Hirschfeld alikusanya barua zao, picha zao na simulizi za maisha yao. Tayari mwaka 1910 alikuwa ametoa kitabu kinene chenye habari za maisha ya watu 17.

Asubuhi ya tarehe 6 Mei, 1933, wanafunzi wa chuo cha michezo walifika na magari na bendi ya matarumbeta. Bendi, jamani! Wakavunja, wakabeba. Mchana wakaja wanamgambo wa chama kumalizia. Siku nne baadaye yakawa majivu. Hirschfeld mwenyewe alikuwa nje ya nchi na hakurudi tena Ujerumani. Aliuona moto ule Paris, ndani ya ukumbi wa sinema, kwenye filamu ya habari. Alifariki Nice mwaka 1935, siku aliyotimiza miaka 67.

Wenzangu wakapiga picha za kioo wakaendelea na safari. Mimi nikabaki nimeinama. Nilikuwa nimelikumbuka kaunta buku.

Sasa ndiyo sehemu inayonishinda.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka 22, naandikia gazeti moja la udaku jijini Dar es Salaam, nalipwa kwa stori. Stori ikitoka unalipwa, isipotoka umekula hasara ya nauli. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nashinda mahakamani nikivizia chochote cha kuchekesha. Siku moja wakaletwa watu wa kesi za uzururaji, na kati yao alikuwepo mmoja aliyevaa dera na kilemba. Kwenye hati jina lilikuwa la kiume. Mahakama nzima ikaanza kuguna na kucheka.

Alikamatwa na mkoba. Vitu vyake vikatajwa kimoja kimoja: poda, mkasi wa fundi cherehani, kanga mbili, na kaunta buku, lile daftari kubwa lenye jalada gumu ambalo wenye maduka wanaandikia madeni. Limejaa maandishi tangu jalada hadi jalada. Mwendesha mashitaka akalifungua akasoma kipande kwa sauti. Kilikuwa kinahusu harusi ya shangazi yake huko Pangani, yeye akiwa na miaka saba. Alijifunga kanga akaenda kucheza na wanawake. Mama yake akamwita, akamtazama. Kisha akalikaza lile fundo ili kanga isimdondoke.

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, na nikainakili ile sehemu haraka haraka kwenye kijitabu changu ili niende kuwachekesha wenzangu chumba cha habari.

Alikiri kosa ili yaishe, akapigwa faini. Nikamkuta nje amekaa kwenye benchi chini ya ulinzi, akimsubiri mtu aje na hela. Nikamwambia, "Dada, samahani, mimi ni mwandishi." Akanitazama juu hadi chini. Akasema, "Mdogo wangu, na mimi ni mwandishi. Andika hivyo. Humo kuna maisha yangu yote, nimeandika miaka kumi na moja. Waambie wanirudishie daftari langu."

Nikamjibu, sawa dada.

Kesho yake stori ikatoka. Kichwa cha habari nilikitunga mwenyewe, mhariri hakugusa hata herufi: DUME LATINGA KORTINI NA DERA. Mhariri alinipigapiga begani. Habari ya daftari haikuwemo kabisa.

Angalieni nilichofanya, hasa ninyi mnaopenda mambo ya lugha. Sisi tuna bahati ambayo Mjerumani na Mwingereza hawana. Wao wakitaka kusema "yeye" lazima wachague: yeye wa kiume au yeye wa kike, na wakikosea wamemkosea mtu. Kiswahili hakikulazimishi. "Amefika. Ameketi. Analia." Basi, ni mtu. Ningeweza kuandika habari ile yote bila kumvunjia heshima, na wala isingehitaji ujuzi wowote. Lakini nilikwenda kulitafuta neno "dume", halafu halikunitosha, nikaliwekea "la-". Hata mbuzi tunampa "a-", tunasema mbuzi amelala. Yule dada nilimpa "la-", kama jiwe, kama jembe. Uso kwa uso nilimwita dada, gazetini nikamtoa kwenye ngeli ya watu. Lugha haikunituma.

Niliporudi chumbani jioni ile Berlin nikaanza kusoma, na nimeendelea kusoma hadi leo. Nilikuwa natafuta kujua mambo mawili. Kwanza, nani alianza kuvifuta vitabu vya wanawake wale, maana niliona moto si mwanzo. Pili, kuna kilichobaki?

Moto si mwanzo kweli. Desemba 1926, Ujerumani ikiwa bado ni jamhuri yenye bunge na uchaguzi, ilipitishwa sheria ya kuwalinda vijana dhidi ya maandishi machafu. Kuwalinda vijana! Nani atapinga? Kitabu kikiingizwa kwenye orodha, kilikuwa hakiruhusiwi kuwekwa dirishani wala kuuzwa mkononi barabarani. Hakikuchomwa, kilifichwa tu mpaka kikakosa wanunuzi. Jarida la Die Freundin, la wanawake wanaopenda wanawake, ambalo lilikuwa na kurasa zake kwa ajili ya hawa ninaowazungumzia, lilikumbwa na sheria hiyo mwaka 1928. Wachapishaji wakatoa jarida jingine likiitwa Ledige Frauen, yaani wanawake wasioolewa, maisha yakaendelea kwa muda. Nilicheka. Hapa kwetu tunajua vizuri gazeti likifungiwa linavyorudi na jina jingine.

Mwaka 1930 mchapishaji huyo huyo, Friedrich Radszuweit, akaanzisha jarida zima kwa ajili yao, Das 3. Geschlecht, maana yake jinsia ya tatu. Lilitoka mara tano tu hadi 1932. Ndani yake kuna hadithi, picha za wasomaji, na watu kusimulia maisha yao. Miaka mingi lilikuwa kitu cha nadra, hadi lilipochapishwa upya mwaka 2016, matoleo yote matano pamoja. Yaani kuna binadamu waliyatunza kwenye makabati miaka 84.

Lakini kitabu kilichonikalisha ni cha Lili Elbe. Alikuwa mchoraji wa Denmark, alizaliwa 1882, na mwaka 1930 akaanza kufanyiwa upasuaji Ujerumani, kwanza Berlin na kisha Dresden. Alifariki Dresden Septemba 1931 kutokana na upasuaji wa mwisho. Kitabu chake, Fra Mand til Kvinde, kilitoka kwao mwaka huo huo yeye akiwa kaburini, kikafuata cha Kijerumani mwaka 1932 na cha Kiingereza 1933, mwaka ule ule wa moto.

Nasema "kitabu chake", na hapo ndipo penye mgogoro. Kilitengenezwa na mwandishi mmoja Mjerumani, Ernst Harthern, aliyejiita Niels Hoyer, kutokana na barua, maandishi na mazungumzo ya Lili. Majina yakabadilishwa. Na matoleo ya lugha mbalimbali hayafanani. Mwaka 2020 wasomi walitoa chapa inayoyalinganisha, na matoleo yenyewe yamewekwa kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuyaangalia. Lili yupi ndiye Lili? Sehemu gani ni kalamu yake na ipi ni ya Harthern? Huwezi kujua kila mahali.

Tena kuna mwanamke Mmarekani, Sandy Stone, naye amepita njia hiyo hiyo, ambaye mwaka 1991 alichapisha insha maarufu iliyovichambua vitabu vya namna hii, cha Lili kikiwemo. Alikuwa mkali. Alisema vitabu hivi vinamvusha mtu kutoka mwanamume hadi mwanamke kama anayevuka kizingiti, jana upande huu, leo upande ule, bila kuonyesha maisha ya katikati. Na akaeleza sababu mojawapo: waliotaka kutibiwa walijifunza kuwasimulia madaktari habari ambayo madaktari walitaka kuisikia. Basi ile habari ikageuka kuwa ndiyo "maisha" yao, na maisha yenyewe yakakaa kimya.

Nilipoisoma insha ile nilizunguka chumba. Maana kaunta buku la yule dada halikuandikwa kwa ajili ya daktari yeyote. Wala hakuwepo Harthern. Ni mkono wake mwenyewe, miaka kumi na moja, harusi ya shangazi, bei za vitambaa (niliziona pembeni mwa ukurasa), mama yake na lile fundo. Ndiyo yale maisha ya katikati Stone aliyosema hayamo vitabuni. Nililiona likiwa mita mbili kutoka kwangu, nikaondoka.

Nikaja kwenye habari za Lili nikamkuta pia mwandishi wa habari. Loulou Lassen, wa gazeti la Politiken, Copenhagen. Februari 1931, uvumi ukiwa umeanza kuenea mjini, yeye ndiye aliyeandika habari ndefu ya maisha ya Lili, kwa kichwa kinachosema kitu kama maisha kupitia hali mbili za kuishi. Sidai kwamba alikuwa malaika. Gazeti ni gazeti, na habari ile iliuza. Ila Lili ameingia pale kama mtu mwenye maisha yanayosimulika. Alikuwa mwandishi kama mimi, naye alikuwa na habari ya kuuza kama mimi. Nimelifikiria jambo hilo zaidi ya lilivyo na afya.

Kuhusu vilivyobaki, kuna visa viwili nilivipenda. Kuna Dora Richter, aliyezaliwa 1892 katika familia maskini huko Bohemia, akafanya kazi za ndani kwenye taasisi ya Hirschfeld na kufanyiwa upasuaji wake wa mwisho 1931, karibu wakati mmoja na Lili. Lili alikuwa na jina na rafiki waandishi, Dora alikuwa mfanyakazi wa ndani. Miaka mingi vitabu vilisema huenda aliuawa siku taasisi ilipovamiwa. Hadi juzi juzi tu, watafiti walipopekua daftari la ubatizo la kijijini kwao, wakakuta pembeni pameongezwa kwamba mwaka 1934 jina limebadilishwa rasmi kuwa Dora. Wakafuata karatasi baada ya karatasi. Kumbe aliishi! Alifariki 1966 katika mji mdogo wa Allersberg, Bavaria. Karani mmoja wa kanisa aliandika mstari mmoja pembeni mwa daftari, na mstari huo ukamfufua mtu miaka 90 baadaye. Ndiyo maana Audrey Mbugua kule Kenya alipopigania hadi Mahakama Kuu jina kwenye cheti chake cha sekondari, akashinda mwaka 2014, sasa namwelewa kuliko nilivyomwelewa siku ile niliposoma habari yake nikapita.

Kisa kingine ni cha sanduku. Hirschfeld alikuwa na mwenzi kijana kutoka Hong Kong, Li Shiu Tong, aliyerithi sehemu ya mali na karatasi zake. Li alizibeba nchi hadi nchi, akafia Vancouver, Kanada, mwaka 1993. Vitu vyake vikatupwa jalalani. Jirani mmoja kwenye jengo lile akaona sanduku limejaa karatasi za Kijerumani, akaliokota, akalitunza, akaandika kwenye intaneti kutafuta wenyewe. Karibu miaka kumi baadaye mtafiti wa Berlin, Ralf Dose, akakutana na tangazo lile. Ndani kulikuwa na daftari za Hirschfeld na hata barakoa ya uso wake iliyochukuliwa alipokufa. Jirani huyo hakuwa msomi wa mambo hayo. Aliona tu haifai kutupa.

(Na si moto na jalala tu. Riwaya ya Imogen Binnie, Nevada, ilitoka 2013 kwa wachapishaji wadogo wa New York. Walipofunga biashara kitabu kikatoweka madukani, wasomaji wakawa wanapeana nakala za kompyuta, hadi kampuni kubwa ikakichapa tena 2022. Kama ningekuwa na nafasi ningekisimulia, kinafurahisha kweli, na hakimwelezei daktari kitu. Siku nyingine.)

Niliporudi Dar nilikwenda mahakamani. Karani wa masijala ni mtu mstaarabu, aliniinukia kabisa, akatafuta kwenye rejesta. Akarudi akaniambia, "Kaka, hiyo ni ya 2017. Vitu vya kesi zilizoisha ambavyo mwenyewe hajaja kuchukua, vilishateketezwa." Nikauliza, kuteketezwa maana yake? Akashangaa swali. "Kuchomwa, kaka. Ndiyo utaratibu." Hakukuwa na bendi wala hotuba wala mtu aliyemchukia mtu. Pengine yalichomwa pamoja na magunia ya bangi.

Kwa nini mwenyewe hakuja kuchukua? Nikaenda Mwananyamala, nyumba aliyoitaja siku ile kama anwani. Mama mmoja anayekaanga vitumbua hapo nje alimkumbuka vizuri, alikuwa akimshonea nguo za wanawe. Akasema kuna gazeti lililetwa pale mtaani, watu wakalibandika mlangoni kwake. "Hakumaliza wiki, mwanangu. Alihama usiku." Akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema ni rafiki. Hapo ndipo nilipofikia, hata ukweli huo mdogo ulinishinda mbele ya mama wa vitumbua.

Kile kijitabu changu cha 2017 ninacho. Niliking'ang'ania kwa uvivu tu, kilikuwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na chaja mbovu. Kurasa nyingi ni upuuzi, lakini ukurasa mmoja una zile sentensi mbili zilizosomwa siku ile, neno kwa neno, kwa mwandiko wangu mbaya wa haraka. Nimetoa nakala tatu. Moja iko kwa rafiki yangu nje ya nchi. Hapa nimewasimulia maana yake tu kwa sababu zilishasomwa mbele ya watu. Maneno yenyewe sitayaweka, ni yake.

Dada, kama unasoma hapa, sentensi zako mbili ninazo, ile ya kanga na ile ya mama. Naweza kukuletea au kumpa unayemwamini. Na wewe msomaji unayemfahamu, tafadhali usitaje hapa jina lake wala mtaa anaokaa. Mwambie tu zipo, aamue mwenyewe.